Bunduki ya kwanza kwa mkulima wa Mbulu na Hanang: Ipi inaruhusiwa, ipi inafaa?

MAHINDI yanapoanza kubeba katika vijiji vinavyopakana na misitu wilayani Mbulu, usingizi wa mkulima hupungua. Mchana huja nyani, usiku huja nguruwe pori na nungunungu, na kwa wale wanaoishi karibu na Msitu wa Marang, ulioungana na Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara, hutokea nyati na tembo pia. Upande wa Hanang, kuanzia mabonde yaliyo chini ya mlima huo wenye urefu unaozidi mita 3,400 hadi tambarare za Basotu, mfugaji naye hukesha akisikiliza sauti ya fisi nje ya zizi.

Katika mazingira hayo, wazo la kumiliki bunduki huja lenyewe. Mkulima aliyeuza vitunguu saumu au alizeti na kubakiwa na akiba kidogo huanza kuulizia ni silaha gani anayoweza kuimudu. Vijana wengi, kutokana na filamu na picha za kwenye simu, hutaja mara moja bunduki inayojipakia yenyewe, ile ambayo mtu hubana kifyatulio mara kadhaa bila kuikoki upya. Wazee hutaja gobore. Wachache hutaja shotigani.

Majibu hayo matatu yana uzito tofauti mbele ya sheria, mbele ya mfuko na mbele ya usalama wa familia. Kosa katika uchaguzi huo laweza kumgharimu mtu shamba, uhuru wake au uhai wa mtoto wake. Ni vyema basi jambo hili lielezwe kwa utaratibu.

Bunduki inayojipakia ni ipi?

Risasi ya kisasa ina sehemu nne: ganda, kiwashio kilichopo kitakoni mwa ganda, baruti ndani yake, na kichwa cha risasi mbele. Pini inapogonga kiwashio, baruti huungua kwa kasi na kutoa gesi yenye shinikizo kubwa. Gesi hiyo ndiyo inayosukuma kichwa cha risasi kutoka ndani ya mtutu.

Tofauti kati ya aina za bunduki iko katika kinachofuata baada ya hapo. Katika bunduki ya komeo, mpigaji hushika mkono wa komeo, akauinua na kuuvuta nyuma ili ganda tupu liruke nje, kisha akausukuma mbele ili risasi mpya iingie. Kila risasi inahitaji kazi hiyo ya mkono.

Katika bunduki inayojipakia, sehemu ya gesi au nguvu ya kurudi nyuma kwa bunduki hutumika kufanya kazi hiyo. Komeo hurudi lenyewe, ganda hutupwa, springi hulisukuma komeo mbele na risasi nyingine huingia mtutuni. Mpigaji hubaki na kazi moja tu, kubana kifyatulio. Kila anapobana, risasi moja hutoka. Hii ndiyo inayoitwa nusu otomatiki.

Otomatiki kamili huendelea kupiga risasi mfululizo maadamu kidole kimebana kifyatulio. Silaha za kivita ambazo Watanzania wamezoea kuziita SMG, yaani bunduki za jamii ya AK-47, zina uwezo wa kupiga kwa namna zote mbili. Hizo ni silaha za majeshi, na hakuna raia anayepewa leseni ya kuzimiliki.

Msimamo wa kanda

Aprili 21, 2004, nchi za Maziwa Makuu, Pembe ya Afrika na jirani zake, Tanzania ikiwamo, zilitia saini jijini Nairobi itifaki ya kuzuia, kudhibiti na kupunguza silaha ndogo na nyepesi. Itifaki hiyo ilianza kutumika mwaka 2006, na utekelezaji wake husimamiwa na kituo cha kanda kijulikanacho kwa kifupi kama RECSA, chenye makao yake Nairobi.

Ibara ya tatu ya itifaki hiyo inazitaka nchi wanachama kuweka katika sheria zao makatazo mawili muhimu. La kwanza ni kutoruhusu raia kumiliki silaha ndogo bila masharti. La pili ni kupiga marufuku kabisa raia kumiliki na kutumia silaha nyepesi za kivita, raifeli za otomatiki, raifeli za nusu otomatiki na bunduki za rashasha.

Kwa maneno mengine, raifeli ya nusu otomatiki, iwe ya bei nafuu au ghali, imewekwa katika fungu moja na silaha za kivita. Bastola nyingi zinazotolewa leseni kwa wafanyabiashara hujipakia zenyewe, na hapo ndipo baadhi ya watu huchanganyikiwa. Lakini itifaki imezitaja raifeli waziwazi, na bastola nayo haimsaidii mkulima kumfukuza nguruwe aliye umbali wa hatua hamsini.

Sababu za katazo hilo si ngumu kuzielewa kwa anayeishi Manyara. Wizi wa mifugo ni tatizo la miaka mingi katika ukanda wa wafugaji. Zamani uvamizi ulifanywa kwa mkuki na upinde, na idadi ya waliouawa ilikuwa na kikomo chake. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, kisha migogoro ya Burundi, Rwanda na Kongo katika miaka ya 1990, viliingiza katika kanda silaha zinazoweza kuua watu wengi kwa dakika moja. Nchi zilizokutana Nairobi zilikuwa zimeshaona matokeo yake.

Wala Afrika Mashariki haiko peke yake. Uingereza ilipiga marufuku raifeli nyingi zinazojipakia mwaka 1988, baada ya mauaji ya Hungerford ya mwaka uliotangulia. Australia ilifuata mwaka 1996 baada ya mauaji ya Port Arthur, na New Zealand mwaka 2019 baada ya shambulio la Christchurch. Marekani ndiko raifeli za aina hiyo zinauzwa kwa wingi madukani, na ndiko yanakotoka matangazo na video nyingi zinazowafikia vijana wa Katesh, Haydom na Dongobesh. Anayezitazama hana budi kukumbuka kwamba zinazungumzia sheria ya nchi nyingine.

Aidha, uwindaji halali nchini hauruhusu silaha za otomatiki wala nusu otomatiki. Hata mtalii anayelipa fedha nyingi kuja kuwinda huziacha kwao.

Sheria ya Tanzania inasemaje?

Mwaka 2015 Bunge lilipitisha Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Namba 2 ya mwaka huo, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1991. Msingi wake ni kwamba kumiliki bunduki si haki ya kila raia, bali ni ruhusa inayotolewa kwa mtu mahususi, kwa silaha mahususi na kwa sababu mahususi.

Maombi huanzia chini. Mwombaji hupeleka barua yake kwa uongozi wa kijiji, ambako watu wanaomfahamu huulizwa kuhusu mwenendo wake: kama ni mlevi, kama ana ugomvi wa ardhi na jirani, kama hupiga mke au watoto, kama aliwahi kutiwa hatiani. Kutoka hapo maombi hupita katika kamati za ulinzi na usalama za ngazi za juu na kwa Jeshi la Polisi, ambalo huchukua alama za vidole na kumchunguza mwombaji, kabla ya kumfikia msajili wa silaha. Mwombaji hutakiwa pia kuthibitisha kwamba anajua kuitumia silaha kwa usalama na kwamba ana mahali salama pa kuihifadhi.

Jambo ambalo wengi hulikosea ni mpangilio wa hatua. Kibali hutangulia, ununuzi hufuata. Mtu anayenunua bunduki kwanza kwa sababu “ameipata kwa bei nzuri” na kutumaini kuiandikisha baadaye tayari amevunja sheria siku aliyoipokea. Hali ni hiyo hiyo kwa anayerithi bunduki ya baba. Leseni hufa na mwenyewe. Familia inapaswa kuipeleka silaha polisi, kisha mrithi anayeitaka aombe leseni kwa jina lake.

Adhabu si za mchezo. Kumiliki silaha ya moto kinyume cha sheria kumo katika orodha ya makosa ya uhujumu uchumi, na kwa marekebisho ya mwaka 2016, makosa ya orodha hiyo huadhibiwa kwa kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi miaka 30. Mkulima mwenye umri wa miaka 40 anayekamatwa na bunduki isiyo na leseni anaweza kurudi nyumbani akiwa mzee.

Mwaka huo huo wa 2016 Jeshi la Polisi liliendesha uhakiki wa silaha za raia nchini kote, na Rais John Magufuli mwenyewe alihakikiwa silaha zake. Umoja wa Afrika nao umeutenga mwezi Septemba wa kila mwaka, hadi 2030, kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha haramu kwa hiari. Tanzania imekuwa ikitangaza vipindi vya msamaha wa namna hiyo, na mwenye silaha ya magendo hufanya vyema kufuatilia tangazo la polisi na kuisalimisha ndani ya muda uliotajwa.

Gobore: nafuu inayogharimu

Kwa wengi vijijini, “bunduki ya bei nafuu” maana yake ni gobore. Hii ni bunduki inayopakiwa kwa mbele: baruti humiminwa mdomoni mwa mtutu, kisha kitambaa, kisha vipande vya chuma, na vyote hushindiliwa kwa fimbo.

Historia ya gobore ina uhusiano na sheria za kimataifa. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, uliotiwa saini na mataifa 17, ulizuia kuingiza raifeli na bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya Ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Bunduki za zamani za gumegume zisizo na michirizi ndani ya mtutu ziliachiwa mlango mdogo. Hivyo teknolojia iliyokuwa imeshapitwa na wakati Ulaya iliendelea kuishi Afrika, na mafundi wa vijijini wakajifunza kuitengeneza kwa mabomba na vyuma vilivyopatikana.

Tatizo la kwanza la gobore la kienyeji ni chuma chake. Mtutu wa kiwandani hutengenezwa kwa chuma maalumu na hupimwa kwa shinikizo kubwa kuliko la kawaida kabla ya kuuzwa. Bomba la maji halikutengenezwa kwa kazi hiyo. Linaweza kuvumilia mara kumi, likapasuka mara ya kumi na moja, na anayeumia si nguruwe bali ni mwenye gobore: vidole, macho na uso.

La pili ni muda. Mnyama aliyejeruhiwa kwa gobore huwa na nafasi ya kutosha ya kumgeukia mpigaji kabla hajamaliza kupakia tena. Nyati aliyejeruhiwa ni miongoni mwa wanyama hatari kuliko wote barani.

La tatu ni sheria. Ipo dhana iliyoenea kwamba gobore “si bunduki hasa”. Dhana hiyo si sahihi. Gobore ni silaha ya moto. Kulimiliki bila leseni ni kosa, na kulitengeneza bila kibali ni kosa jingine. Wamiliki wa magobore ni sehemu kubwa ya wanaofikishwa mahakamani kwa makosa ya silaha. Unafuu wa bei yake huishia hapo.

Shotigani: chaguo la kawaida la mkulima

Kwa mkulima mwenye sababu ya kweli na sifa za kupewa leseni, silaha ya kwanza ambayo mara nyingi inafaa ni shotigani ya mtutu mmoja au miwili inayovunjwa katikati ili kupakiwa.

Mtutu wa shotigani ni laini ndani. Risasi yake hubeba marisau mengi madogo yanayosambaa kadiri yanavyokwenda mbali. Ukubwa wa kawaida zaidi duniani huitwa namba 12, na asili ya namba hiyo ni hesabu ya zamani: ukigawa ratili moja ya risasi, yaani gramu 454, katika goroli 12 zilizo sawa, goroli moja huenea ndani ya mtutu huo. Kipenyo chake ni milimita 18.5 hivi. Kwa hesabu hiyo, namba 20 ni mtutu mwembamba kuliko namba 12, ingawa namba yake ni kubwa.

Faida za silaha hii kwa mazingira ya Mbulu na Hanang ni kadhaa. Kwanza, ina vipande vichache vinavyotembea, hivyo vumbi la Basotu na unyevu wa nyanda za juu za Mbulu haviisumbui sana. Pili, ikivunjwa, kila mtu aliye karibu huona kama ina risasi au haina. Hakuna risasi iliyojificha katika magazini. Tatu, bunduki ya mtutu mmoja ndiyo ya bei ya chini kuliko silaha nyingine nyingi za kiwandani. Nne, umbali wake ni mfupi.

Hilo la nne ni muhimu kuliko linavyoonekana. Marisau madogo hufanya kazi vizuri katika umbali wa mita 35 hadi 40, na yakikosa shabaha hupoteza nguvu baada ya mita mia chache. Kichwa cha risasi cha raifeli kubwa huweza kusafiri kilomita tatu na zaidi. Hata raifeli ndogo ya .22, ambayo watu huidharau, hurusha risasi yake zaidi ya kilomita moja. Katika vijiji ambako nyumba zimesambaa mashambani na watoto huchunga ng'ombe kila upande, tofauti hiyo ni tofauti kati ya kumkosa mnyama na kumpiga mtoto wa jirani ambaye mpigaji hakujua kwamba yuko pale.

Raifeli ya komeo kwa nani?

Raifeli hutofautiana na shotigani kwa kuwa ndani ya mtutu wake mna michirizi inayozungushwa kama parafujo. Michirizi hiyo huifanya risasi izunguke na kwenda moja kwa moja kwa umbali mrefu. Mfumo wa komeo ulioenea zaidi ulitokana na kazi ya Mauser wa Ujerumani, ambaye muundo wake wa mwaka 1898 bado unaigwa.

Raifeli ya komeo humfaa mwenye shamba kubwa la wazi, mlinzi mwenye mafunzo, au mwindaji mkazi mwenye leseni ya uwindaji. Kwa wanyama hatari, kiwango kinachotakiwa nchini ni kaliba isiyopungua .375. Kaliba ya aina hiyo iliyozoeleka zaidi ilibuniwa na Holland & Holland ya London mwaka 1912. Bunduki hizo ni ghali, risasi zake ni ghali, na huupiga bega teke kubwa. Hazina nafasi katika mipango ya mkulima wa ekari tatu.

Wala kumkabili tembo si kazi ya mkulima huyo. Ni kazi ya askari wa wanyamapori wa halmashauri, wa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, au wa Hifadhi za Taifa, TANAPA. Marisau ya shotigani hayamwui tembo. Humtia hasira, na tembo aliyejeruhiwa huweza kulipa kisasi kwa mtu wa kijiji kingine.

Hesabu kamili ya gharama

Bei iliyoandikwa kwenye bunduki ni mwanzo tu. Mnunuzi anapaswa kujumlisha ada za maombi na leseni, nauli za kwenda Babati au kwingineko kufuatilia, mafunzo, kasha la chuma lenye kufuli la kuihifadhia, vifaa vya kuisafisha, na risasi. Risasi huuzwa kwa kibali na kwa idadi inayodhibitiwa, hivyo kununua bunduki ya kaliba adimu ni kujinunulia fimbo ya chuma. Namba 12 ina faida hapa kwa kuwa risasi zake ndizo zilizoenea zaidi.

Wengi hukimbilia bunduki iliyotumika. Hakuna ubaya, ilimradi uhamisho wa umiliki ufanywe kupitia polisi na namba iliyochongwa kwenye bunduki ilingane na ya kwenye leseni ya muuzaji. Namba iliyokwaruzwa ni sababu ya kuondoka mara moja bila kujadili bei.

Mambo mengine ya kukagua ni haya. Mtutu uangaliwe ndani kwa mwanga: usiwe na uvimbe, mashimo ya kutu wala ufa. Bunduki ikifungwa, isicheze kwenye bawaba yake. Kizuizi cha usalama kifanye kazi. Kitako kisiwe na ufa mahali kinapoungana na chuma.

Urefu wa chemba nao uangaliwe. Shotigani nyingi za zamani zina chemba ya milimita 65 au 70, wakati baadhi ya risasi za leo zina urefu wa milimita 76. Risasi ndefu huweza kuingia katika chemba fupi bila kukataa, lakini inapofyatuliwa haina nafasi ya kufunguka na shinikizo hupanda kwa hatari. Vilevile mitutu ya kale iliyosukwa kwa vipande vya chuma na kuonyesha michoro kama ya mkeka ni ya enzi ya baruti nyeusi. Haifai kwa risasi za kisasa. Fundi mwenye leseni huyatambua haya kwa dakika chache, na ujira wake ni mdogo kuliko gharama za hospitali.

Mwisho, bunduki imfae mwili mwenye kuitumia. Kitako kirefu mno hunasa kwenye nguo, na kifupi mno hupeleka kidole gumba puani wakati bunduki inaporudi nyuma.

Leseni ya bunduki si leseni ya kuwinda

Hapa ndipo wakulima wengi wema hujikuta mahabusu. Leseni ya silaha huruhusu kumiliki chombo. Haimpi mtu mnyama. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, wanyamapori ni mali ya umma, na kuwinda kunahitaji leseni nyingine itolewayo na mamlaka ya wanyamapori kwa mnyama, eneo na kipindi kilichotajwa.

Aliyelazimika kumuua mnyama ili kuokoa maisha ana utetezi, lakini anatakiwa kutoa taarifa bila kuchelewa. Nyama, ngozi, pembe na meno ni nyara za Serikali. Kitoweo kilichofichwa jikoni huweza kuugeuza utetezi kuwa ujangili.

Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, ambao tangu zamani huishi kwa upinde, mshale, mizizi na asali, hutambuliwa kwa utaratibu wao wa kuwinda kwa ajili ya chakula. Utaratibu huo hauwahusu majirani zao, na bunduki haimo ndani yake.

Nyumbani

Silaha hukaa na familia kwa miaka mingi, na hutumika kwa dakika chache tu. Hatari kubwa basi iko katika muda ambao haitumiki. Kanuni zake ni chache na hazina msamaha: kila bunduki ichukuliwe kuwa ina risasi hadi ithibitishwe vinginevyo, mtutu usielekezwe kamwe kwa kitu ambacho mwenyewe hataki kukiharibu, kidole kisiguse kifyatulio hadi shabaha ionekane, na mpigaji ajue kilicho mbele na nyuma ya shabaha yake. Gizani, sauti ya majani ya mahindi si shabaha.

Bunduki ihifadhiwe bila risasi, imefungwa kwa ufunguo, na risasi zikae mahali pengine penye kufuli. Uvunguni mwa kitanda na darini si ghala. Isiazimishwe, hata kwa ndugu wa damu. Isibebwe kilabuni wala kwenye sherehe. Risasi iliyopigwa hewani hurudi chini. Ikipotea, polisi waarifiwe mara moja, kwa sababu kila kitakachofanywa nayo kitamrudia aliyeandikwa kwenye leseni.

Kabla ya kufika dukani

Swali la mwisho ndilo lililopaswa kuwa la kwanza: je, bunduki inahitajika? Kwa fisi, jibu mara nyingi ni zizi bora. Wilayani Simanjiro, mkoani Manyara humo humo, wafugaji wamejenga “kuta hai” za miti iliyopandwa na kufungwa wavu wa chuma. Miti hukua, wavu huimarika, na fisi na simba hubaki nje usiku kucha bila mtu kukesha.

Kwa tembo, uzio wa kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu, tochi zenye mwanga mkali, honi na baruti za kelele zimesaidia katika maeneo kadhaa nchini. Nchini Kenya, mizinga ya nyuki iliyotundikwa kwa waya kuzunguka mashamba imewazuia tembo na kumpa mkulima asali. Kwa nyani, zamu za kulinda kati ya majirani wanaopanda kwa wakati mmoja hufanya kazi kuliko mtu mmoja mwenye bunduki, kwa kuwa nyani hujifunza haraka kumtambua mwenye silaha na kuja anapoondoka.

Mkulima aliyepata hasara kutokana na wanyama walioainishwa kuwa hatari na waharibifu ana njia ya kudai kifuta jasho, au kifuta machozi iwapo mtu ameumia au kufa, kwa kanuni zilizotungwa mwaka 2011 na kurekebishwa baadaye. Fedha hizo hazilingani na hasara, lakini hazipatikani kabisa kwa asiyetoa taarifa mapema kwa uongozi wa kijiji na afisa wanyamapori.

Baada ya kupima yote hayo, atabaki mkulima au mfugaji ambaye bado ana sababu ya kweli. Huyo ataanza kwa barua ofisini kwa mtendaji wa kijiji, ataomba shotigani ya kawaida ya namba 12 kutoka kwa muuzaji mwenye leseni, na atanunua kasha la chuma kabla ya kuileta nyumbani. Raifeli inayojipakia yenyewe atawaachia askari.